Mashine Isiyomsoma Baba

Jumatatu, 4 Februari

Kidole, mdogo wangu,

Kabla hujaniuliza: nimekula, nimelala, sijakonda. Mwambie Mama hivyo hivyo, usiongeze chumvi.

Nyumba ni nzuri. Ghorofa ya tatu, sakafu ya vigae, bomba halikauki. Mume wangu amenunua runinga kubwa mpaka kabati la vyombo limehamia chumbani. Nimemwambia runinga bila deki ni kioo cha kujitazamia tu, akacheka. Tunanunua deki mwezi huu, na hapo ndipo ninapokuhitaji wewe, msomi wa bisibisi.

Madukani huku kuna vita. Muuzaji mmoja anaapa kwamba VCD ndiyo mpango mzima. Wa pili anasema VCD imeshakufa, bado kuzikwa, watu wachukue DVD. Wa tatu ni mzee mwenye zile diski kubwa kama sinia. Anazifuta kwa kitambaa kama anayempangusa mtoto kamasi. Haya yote nimesimuliwa na mume wangu. Mimi sikwenda, anasema ngazi zitanichosha.

Ninataka kitu kimoja. Unalikumbuka lile sanduku la diski alizotuchomea Baba kutoka kwenye kamera ya kuazima. Katika moja Mama anaifukuza kamera kwa ufagio. Wewe unaingiza kidole kwenye trei ya deki, trei inafunga, unalia, na jina linakuganda mpaka leo. Na ile ya mwisho, Baba yuko dukani akikohoa, anatuambia tusiiuze meza yake. Nataka deki itakayomsoma Baba. Rangi na vitufe achague mume wangu.

Jibu kupitia sanduku lake la posta la kazini. Barua zangu anazipeleka na kuzichukua yeye. Ile simu ya jirani amesema tuache, tusisumbue watu.

Dada yako,
Rimoti (bado naamuru nikiwa nimekaa)


11 Februari

Dada Rimoti,

Sikiliza vizuri, maana hili wauzaji hawatakuambia.

Diski ya dukani imepigwa chapa kiwandani. Ya Baba imechomwa kwa mwanga juu ya tabaka la rangi. Ukizishika mkononi ni mapacha, lakini mashine haidanganyiki. Deki nyingi za DVD zinazotoka sasa zina jicho moja, na jicho hilo, tofauti na la mashine ya VCD, halioni diski ya kuchoma. Litasoma VCD ya dukani bila kusita. Muuzaji atakuapia kwamba mashine inasoma zote, wala hatakuwa mwongo. Ukifika nyumbani ukaweka ya Baba, itakuandikia kwamba hakuna diski.

Kwa hiyo tafuta yenye macho mawili. Na nenda mwenyewe, Dada. Beba diski moja ya Baba, iweke kwenye mashine pale pale dukani kwa mkono wako. Ngazi zimeanza lini kukuchosha? Wewe uliyepanda juu ya paa letu kurekebisha antena ukiwa na homa?

Duka linakwenda. Jioni nakaa kwenye kiti cha Baba nafungua mashine ambazo hazijaharibika, nizione tu zinavyofanya kazi. Barua yako nimeirudia mara nyingi. Ni ndefu, inachekesha, na bado nahisi kama hukuwemo ndani yake. Labda ni mimi. Mama anasema nafikiri mpaka natoa moshi.

Kidole


20 Februari

Kwa shemeji yangu,

Salamu nyingi. Nimeisoma barua yako kwa dada yako. Kwetu hatufichani kitu. Nimevutiwa sana na ufafanuzi wako. Ni mara chache mtu hueleza jambo gumu kwa wepesi namna ile, na nimewasomea wenzangu ofisini aya moja.

Naomba msaada wako, na naomba ubaki kati yetu. Dada yako haendelei vizuri kama anavyokuandikia. Kila mchana anashuka kwa jirani wa chini, mshonaji, ambaye ana mashine ya VCD. Anatazama diski zile zile za marehemu, kisha anapanda akiwa na macho yaliyovimba. Chakula hapiki, au anapika na kukisahau jikoni. Daktari ameshauri apumzishwe na kumbukumbu hizo kwa muda.

Nikimkataza ataniona mkatili. Mashine ikikataa yenyewe, hakuna wa kulaumiwa. Niambie basi, kwa utaalamu wako, nitaitambuaje yenye jicho moja? Nataka iwe zawadi nzuri, ya bei, asiweze kusema nimemnyima.

Shemeji yako


25 Februari

Shemeji,

Asante kwa maneno yako. Sikujua kama hali imefika huko. Dada ni mtu wa kuficha maumivu kwa mzaha.

Omba kijitabu cha maelezo kabla ya kulipa. Kwenye ukurasa wa diski zinazokubaliwa, tazama kama wametaja diski za kuchoma nyumbani. Kama hawakuzitaja, ni ya jicho moja. Mara nyingi ndizo nyembamba, za rangi ya fedha, na ndizo zenye picha safi zaidi. Hatashuku.

Naomba tu diski zisitupwe. Ziweke mahali pakavu, jua lisizifikie. Siku akipata nafuu nitamletea mashine ya kuzisomea mimi mwenyewe.

Kidole


18 Machi

Kidole,

Barua hii inapita kwa mshonaji wa chini. Namteremshia dirishani kwa uzi wa bluu, yeye ataipeleka posta. Jibu kwa sanduku lake, anwani nimeiandika nyuma ya bahasha.

Deki imekuja. Nyembamba, ya rangi ya fedha, mtu anaweza kuipakulia pilau. Aliifunga utepe mwekundu. Tukaweka filamu ya dukani, ikacheza safi. Nikaweka VCD ya dukani, ikacheza. Nikafurahi mpaka nikamshukuru. Kisha nikaweka ya Baba. Ikaimeza, ikafikiri, ikaitema. Nikaweka nyingine. Zote, Kidole, moja baada ya nyingine mpaka sanduku likaisha, na yeye amekaa kwenye kochi miguu juu ya meza. Akasema, "Unaona? Hata mashine imemchoka."

Kwa mshonaji siendi tena. Mlango sasa una kufuli ya nje. Anasema kuna wezi. Akienda kazini anafunga, na rimoti ya deki anaiweka mfukoni anaondoka nayo. Nilimuuliza rimoti itamsaidia nini kule ofisini. Akanitazama kwa muda mrefu, akasema jina langu la utani halimpendezi, nisilitumie.

Nimekaa nikajiuliza. Mtu asiyejua hata kubadilisha balbu aliijuaje tofauti ya diski ya kuchoma na ya kiwandani? Ninaowajua mimi wanaoijua ni wawili. Mmoja tulimzika.

Sitaki uniambie sababu zako. Nilitaka tu ujue kwamba nimejua.

Dada yako


25 Machi

Dada,

Ni mimi. Aliniandikia kwamba unaumwa kwa huzuni, kwamba daktari amesema. Alinisifu, nikapenda kusifiwa, nikamwelekeza mpaka rangi ya mashine. Sijilaumu hapa ili unionee huruma. Nakuambia ujue alivyoijua tofauti ya diski.

Hukuniambia habari za kufuli. Hukuniambia kitu. Sema neno moja tu na nitafunga duka nije. Neno lolote, hata tusi.

Humu nimekuwekea diski ya Mama. Anakusemesha, amevaa kile kitenge chako cha bluu alichokataa kukurudishia.

Kidole wako


12 Aprili

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema. Mimi ni mzima kabisa. Nimeona nikuandikie kwa mashine ya chapa kwa kuwa mkono unanisumbua.

Nilikuandikia maneno ya hasira na ninayajutia. Mume wangu ananitunza kuliko ninavyostahili. Tafadhali usiandike tena kwa jirani, ni mtu wa maneno mengi na anahama mwisho wa mwezi.

Diski ya Mama tumeitazama pamoja sebuleni kwenye deki yetu mpya. Picha ilitoka safi sana. Mama amependeza katika kitenge cha bluu.

Usije kwa sasa. Tutakualika.

Dada yako


15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia wewe kwa sababu uko nusu siku tu kutoka kwa Dada, na kwa sababu Mama nikimwambia presha itampanda.

Nimepata barua yenye jina la Dada, imepigwa chapa. Inasema wameitazama diski ya Mama sebuleni na picha ilikuwa safi. Mjomba, diski hiyo niliichoma mimi, kwa mashine ya Baba, kwenye meza ya Baba. Deki yao haiwezi kusoma diski ya kuchoma hata ikibembelezwa. Najua kwa sababu ni mimi niliyemwambia mumewe ainunue hiyo. Yeye anadhani za kuchoma ni zile za Baba peke yake, na kwamba itokayo kwangu ni sawa na ya dukani. Habari ya kitenge ameitoa kwenye barua yangu.

Kwa hiyo barua niliyompelekea Dada kwa jirani imefika mikononi mwa mumewe, na anayenijibu sasa ni yeye. Sijui Dada yuko katika hali gani. Nakuomba uende. Jifanye unapita tu.

Kidole


27 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi si mtu wa kalamu, nitaandika kama ninavyoendesha lori, polepole na moja kwa moja.

Nilifika mchana. Ghorofa ya tatu, mlango una kufuli kwa nje, kubwa, ya kufungia ghala. Nikagonga. Nikaita jina lake la utoto. Nikaweka sikio mlangoni. Ndani kulikuwa na sauti ndogo. Zzz, tak. Zzz, tak. Nilidhani ni panya. Kisha nikakumbuka duka la baba yako. Ni trei ya deki, inafunguliwa na kufungwa, inafunguliwa na kufungwa. Nikagonga mara mbili, nayo ikafunguka na kufunga mara mbili. Mtu asiyeweza kusema alikuwa ananijibu. Kwa nini hasemi sijui. Labda amekatazwa na watu wa pembeni wamewekwa wasikilize, maana mlango wa pili ulikuwa wazi kiasi cha jicho.

Nikataka kuivunja kufuli. Mlinzi wa chini akapanda, akasema nikigusa mlango atapiga kelele ya mwizi, na unajua watu wanavyomfanya mwizi. Nikaenda polisi. Askari akanitazama mvi, akasema, "Mzee, ugomvi wa mke na mume tuuingilie kwa kufuli?" Mshonaji alinikuta ngazini, akapita bila kusalimu, akaninong'oneza mgongoni kwamba kaonywa.

Nimerudi na aibu yangu. Ningekuwa na ufunguo, mlinzi asingekuwa na la kusema.

Mjomba wako


10 Mei

Kwa shemeji yangu,

Deki imeleta matatizo. Trei imekwama, haifunguki kabisa, na ndani kuna kitu kinachocheza. Dada yako amekuwa akiichezea vitufe kutwa nzima kama mtoto. Mafundi wa huku wananiambia niiache wiki mbili, nami siwaamini. Yeye mwenyewe amesema, "Mpelekee Kidole, yeye ndiye aliyeichagua." Nilifurahi kumsikia akisema. Siku hizi hasemi sana.

Naituma kwa basi la mizigo. Ulikuwa na ufasaha mwingi kuhusu mashine hii, basi itengeneze.

Jambo dogo. Nimepoteza ufunguo wa akiba wa nyumba, na ninachukia vitu kupotea ndani ya nyumba yangu. Nimemuuliza dada yako kwa njia zote. Nitaendelea kumuuliza.

Shemeji yako


Ijumaa, 17 Mei

Mjomba,

Ndani ya bahasha hii kuna ufunguo. Kabla hujasoma zaidi, uweke kwenye soksi.

Deki imefika jana. Mama alikuwa sokoni. Nilifungua skrubu za kifuniko na nikaona vichwa vyake vimekwaruzwa: mtu alivifungua kwa ncha ya kisu. Mkanda mdogo wa mpira unaoendesha trei umetolewa na kuwekwa kando vizuri, kama Baba alivyotufundisha, usije ukapotea. Chini ya trei, pale ambapo anayetazama kwa nje haoni kitu, kulikuwa na ufunguo umefungwa kwa kitambaa na kushonewa uzi. Uzi ni wa bluu. Ameuharibu mtambo kwa mkono wake ili mumewe auchukue mwenyewe, aufunge kwenye boksi, alipie basi, atuletee hapa ufunguo anaoutafuta.

Kufuli iko nje, ufunguo kule ndani haukumfaa kitu. Kwetu unafaa.

Sijalala vizuri tangu jana, lakini akili yangu imetulia kama maji ya mtungi. Namwandikia leo hii hii kwamba mashine itakuwa tayari Jumamosi ya tarehe 1 Juni, aje aijaribu mwenyewe kwa kuwa sitaki lawama. Atakuja. Hampi mtu yeyote kitu chake akishike njiani mara ya pili. Basi lake likiondoka asubuhi, wewe panda ngazi. Mwonyeshe mlinzi ufunguo, mwambie umetumwa. Usimwache Dada akusanye vitu. Akitaka sanduku la Baba, mwambie mimi nimekataa.

Nitamshikilia mpaka basi la mwisho. Sijui kwa njia gani, lakini nitamshikilia.

Kidole


Jumamosi, 1 Juni

Dada Rimoti,

Naandika haya mume wako akiwa ameketi mbele yangu kwenye stuli ya wateja. Anadhani naandika stakabadhi ya vifaa.

Amefika saa tano. Amenisalimu vizuri, amemsifu Mama kwa chai, amesema duka ni safi. Kwenye mfuko wa shati, pembeni ya kalamu, kuna rimoti. Amesafiri nayo. Nimemwomba anipe nijaribie mashine, akanipa, na mkono wake ukabaki hewani kidogo kama unaoidai.

Nimefunga skrubu polepole. Nimeweka filamu aliyokuja nayo, nikasema lazima iende mpaka mwisho ndipo niridhike na joto la mota. Ameitazama yote bila kupepesa. Ilipoisha akasema, "Sasa weka ya baba yenu." Nikaweka moja iliyobaki hapa dukani. Mashine ikaitema. Akatabasamu, akasema, "Kazi nzuri."

Kisha akauliza, "Ulipofungua, hukukuta kitu?"

"Vumbi tu, shemeji."

"Kulikuwa na kitu kinacheza ndani."

"Skrubu. Nimeirudisha."

"Nionyeshe ni ipi."

Nimemwonyesha moja. Ameitazama, kisha amenitazama mimi, kwa muda mrefu, kama ulivyosema. Sasa ni saa tisa na anasema hatangoja basi la jioni, kuna rafiki yake mwenye gari anarudi upande huo sasa hivi. Nimesema sawa, nijaribu trei mara ya mwisho. Nimegeuza mgongo, nimeutoa ule mkanda wa mpira, nimeuweka chini ya ulimi. Trei imekwama na ile filamu yake iko ndani. Nimemwambia, kwa mdomo mzito, asubiri kidogo. Hawezi kuiacha. Nimemjua sasa, hawezi.

Gari limepiga honi mara mbili na kuondoka.

Ameinuka. Anakuja kusimama nyuma ya

Nimepokea deki moja ya DVD, rangi ya fedha. Tatizo: trei. Fundi anaendelea nayo. Mteja anasubiri.


Jumamosi, 1 Juni, jioni

Kidole,

Dereva wa basi la kesho asubuhi, rafiki yake Mjomba, ndiye anayekuletea hii mkononi. Ukiipata, nimetoka.

Mjomba alifungua kama mwenye nyumba. Mlinzi alimtakia siku njema. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti kuelekea mlango, tangu alfajiri, viatu mguuni. Sikuchukua sanduku la Baba. Usiku wa jana alilivunja lote kwa nyundo, akinipa kila kipande nishike kwanza, akiniuliza ufunguo uko wapi. Sikusema. Mkono wangu wa kushoto una bandeji, usimweleze Mama.

Nilifanya jambo moja kabla ya kushuka. Niliiwasha runinga kwa kitufe cha mbele, sauti juu, nikairudisha kufuli mahali pake na kuifunga. Akipanda zile ngazi atasikia watu wanaongea ndani na atajua nipo. Atafungua taratibu, kama kawaida yake. Atapita sebuleni, jikoni, chumbani. Kisha atakaa kwenye kochi atafakari ni nani aliyemweka stulini siku nzima.

Kwa hiyo ukiipata usingoje hata siku moja. Mchukue Mama, njooni kwa Mjomba na basi hili hili linaloleta barua, likigeuza. Meza ya Baba iache, nami nitamjibu Baba mwenyewe siku nitakapokutana naye. Mashine, kama bado iko hapo, mwachie mlangoni, kwenye boksi lake, na utepe mwekundu.

Rimoti usimrudishie.

Dada yako,
Rimoti